Gunia la Kumsimamisha Soja

Ninyi mnaonipigia simu mkitaka niwafundishe kazi ya mbwa, chekeni kwanza mmalize. Ndiyo, nimestaafu katika umri ambao wenzangu bado wanatafuta kazi. Hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa saa ya ukutani. Siku moja nilifunga banda langu pale Shirimatunda, Moshi, nikagawa minyororo na mabakuli kwa majirani, nikaanza kuuza vyakula vya kuku. Wateja wangu wa sasa wananiuliza pumba na mashudu. Hakuna anayenishika mkono na kuniuliza kama mnyama wake ataishi.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha mbwa wa ulinzi, na kuwauguza wale ambao daktari wa mifugo alishawaona lakini wenyewe hawakujua waanzie wapi. Sikusoma chuo. Nilijifunza kwa video za simu, kwa vitabu vilivyochakaa, na kwa kuwasumbua wenye elimu mpaka baadhi yao wakaacha kupokea simu zangu. Mtu aliyejifunza mwenyewe hubaki na woga fulani. Kila siku anangoja mtu atokee amwambie, wewe hapa umekosea tangu mwanzo. Kwa hiyo mimi nilitaka kujua kila kitu. Mbwa akipiga chafya, nilitaka kujua chafya ile imetoka wapi. Nikifunga geti, nilirudi kulitikisa, nikaenda hatua chache, nikarudi tena. Sijisifu. Nawaambia ili mkijiona mko hivyo, mjue mmeanza kazi mkiwa na mzigo wa ziada.

Woga huo ulinifanya nionekane makini, na mara nyingine ulinifanya mjinga. Mwalimu mmoja jirani yangu aliniletea jike lake likichechemea. Nilimweleza habari za nyonga, nikaingia kwenye uti wa mgongo, nikamchorea mifupa chini kwa kijiti. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, kisha akainua mguu wa mbwa wake na kuchomoa mwiba wa michongoma katikati ya vidole. "Endelea," akaniambia, "ulikuwa umefika kwenye pingili." Tangu siku ile nikiitiwa mbwa asiyetembea vizuri, naanzia kwenye nyayo. Nanyi anzieni hapo. Tenganisheni vidole, angalieni kucha, nuseni. Kichwani mtafika baadaye.

Sasa niwaambie habari za Soja, kwa sababu wengi mnaoniuliza mnauliza jambo lake bila kumjua. Mnasema: mbwa wangu jana alikuwa mzima, leo hasimami, na hakuna anayejua kwa nini. Nifanye nini?

Aliyenipigia simu hakuwa mwenye mbwa. Alikuwa Mzee Ombeni wa Mwika, kule mlimani, jirani na mdogo wa damu wa mwenye mbwa, Mzee Eliamani. Vihamba vyao, yale mashamba ya nyumbani, vimepakana, migomba ya huyu inaegemea kahawa ya yule. Mzee Ombeni aliniambia kwamba asubuhi ile hakumsikia Soja akibweka, na alipochungulia alimwona amelala zizini, nyuma ya ng'ombe, anafungua mdomo na sauti inatoka nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea. Kufikia nilipopanda kule, ya mbele nayo ilikuwa imelegea.

Nilimkuta Mzee Eliamani amekaa kwenye kigoda kando ya mbwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na mwenzake wa maongezi pale nyumbani alikuwa Soja, dume jekundu lenye sikio moja lililochanika.

"Ni wewe Manka wa mbwa?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Niambie amepatwa na nini."

Kabla sijagusa chochote nilimwomba amwite daktari wa mifugo. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mbwa akibadilika sauti na kulegea viungo, jambo la kwanza la kuogopa ni kichaa cha mbwa, hata kama hana povu wala ukali. Watoto wakae mbali, mkono wako usiingie mdomoni mwake, na mtaalamu aitwe kwanza. Soja alikuwa amechanjwa, na maji aliyameza vizuri, lakini daktari alipofika bado alituamuru tumwangalie kwa mbali kwanza na tuvae glavu. Mpaka alipoturuhusu, chakula na maji tulikuwa tunavisogeza kwa fimbo.

Daktari yule alikuwa mtu wa maneno machache, na ndiye niliyejifunza kwake kuliko wote. Alimpapasa Soja mwili mzima akitafuta kupe, kidonda, mfupa uliovunjika, alama ya kuumwa na nyoka. Akambana katikati ya vidole kwa nguvu. Soja akageuza kichwa na kuunguruma kwa ile sauti yake nyembamba, lakini mguu haukujivuta.

"Umeona?" daktari akaniuliza. "Anahisi. Mguu ndio haupokei amri."

Alichukua damu, akampiga sindano, akarudi tena siku za mbele. Majibu hayakuonyesha kitu. Akamwambia Mzee Eliamani kwamba vipimo vingine vya kuangalia mishipa ya fahamu haviko huku, kwamba ameona mbwa wa namna hii wakiinuka wenyewe polepole na ameona wengine wasiinuke. Maadamu anapumua vizuri na anakula, atunzwe. Akiacha kula, au kifua kikianza kumsumbua, aitwe aje ammalizie bila maumivu. Kisha akanawa mikono, akaniachia mimi sehemu iliyobaki.

Sehemu iliyobaki ndiyo kazi yenyewe. Mbwa asiyeweza kusimama hauawi tu na ugonjwa, anauawa pia na kulala. Ngozi inachubuka, mapafu yanajaa, mkojo unamuunguza, misuli inaisha. Nilianza kwa kosa. Nilipanda na godoro zuri la sponji nililolifunga kwa nailoni, nimelipima kwa tepu nyumbani ili limtoshe kabisa, nikajiona nimemaliza. Mkojo ukatuama juu ya nailoni, na nyonga yake ikawa nyekundu. Nilikaa pale zizini nikitaka kulia, na huku nyuma yangu ndama amelala juu ya majani makavu ya migomba, mkavu, hana habari. Nikatupa godoro. Tukatandika majani ya migomba kama ya ndama, manene, yanayobadilishwa kila yakilowa, juu yake khanga kuukuu.

Kisha kumgeuza. Upande huu, upande ule, na wakati wa kula analazwa kifudifudi, kifua kikiinuliwa kwa mto wa majani ili asipaliwe. Miguu inachezeshwa mmoja mmoja kama anayeendesha baiskeli, taratibu, bila kulazimisha. Supu ya mifupa, ugali laini, maji mara kwa mara. Na kumwongelesha. Msione haya kuongea na mbwa. Mkia wa Soja ulikuwa bado unatikisika kidogo akiitwa jina, na ule mkia ndio uliomfanya Mzee Eliamani aendelee kuamka na kumgeuza.

Lakini watu hawakutosheka. Kule juu jambo halikai bila sababu. Wauza maziwa waliuliza, wanakwaya waliuliza, kila aliyepita uchochoroni aliuliza, na kila mmoja aliondoka ameacha jibu lake: baridi, nyoka, jicho la mtu. Jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa sumu. Na kwenye sumu kulikuwa na jina ambalo hakuna aliyelitaja mbele yangu, mpaka mwenyewe alipokuja nalo.

Siku hiyo nilikuwa nachezesha mguu wa nyuma. Mzee Ombeni alipita kwenye migomba akiwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika kichwa cha isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Wale mliokulia Dar na kuja huku Krismasi tu, niwakumbushe. Mtu akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha, na wewe huruhusiwi kumfukuza. Watu wamesameheana mambo mazito kwa jani hilo.

Mzee Ombeni akasema amekuja kwa ajili ya lile neno. Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi ya nyuma Soja alikuwa ameua kuku wake, na yeye kwa hasira, mbele ya watu waliotoka ibadani, alisema mbwa huyu nitammaliza. Sasa mbwa amelala chini, na neno lile lilikuwa linamkosesha raha.

Mzee Eliamani hakunyoosha mkono.

"Neno halimlazi mbwa chini," akasema. "Sema ulichompa."

"Kaka, sikumpa kitu."

"Mtu haleti isale bure. Umelishika mkononi, basi umeshakiri. Maliza."

Mnaona mtego ulivyokuwa. Mtu ameomba msamaha kwa kosa dogo, na jani lenyewe likachukuliwa kuwa ushahidi wa kosa kubwa. Nadhani kwetu tu ndiko jambo kama hilo linaweza kutokea. Mzee Ombeni alibaki amelishika, hawezi kulirudisha nyumbani maana halirudishwi, na hakuna wa kulipokea. Mzee Eliamani akaongeza kwamba Krismasi hii hatakaa kwenye mbuzi mmoja na muuaji. Wale ndugu walikuwa wanachinja pamoja tangu baba yao alipokuwa hai, kila mmoja na kipande chake kinachojulikana.

Kisha akanigeukia.

"Wewe umefundishwa mambo haya. Ni sumu au si sumu?"

Nikiri hapa jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilitamani sana kusema "si sumu". Ningekuwa nimewapatanisha kwa maneno mawili na kushuka mlima nikiwa na sifa. Na dakika iliyotangulia, kabla Mzee Ombeni hajafika, kama kaka yake angeniuliza tukiwa peke yetu ningeweza kusema "inaweza kuwa sumu", kwa sababu nilikuwa nimechoka kuonekana sijui. Nafsi inayotaka kukamilisha kila kitu haichagui sana jibu. Inataka tu pengo lizibwe.

Kilichonizuia ni mbwa wa Mabogini. Kule kwenye mashamba ya mpunga watu hutega sumu ya panya, na niliwahi kuitwa kwa mbwa aliyekula panya aliyekufa. Nilimkuta anatetemeka mwili mzima, amekakamaa, povu, macho yametoka. Nilichelewa. Sura yake sijaisahau, na Soja hakufanana naye hata kidogo. Lakini kuna sumu ngapi ambazo sijawahi kuziona? Nilijua kipande, na ilinibidi nitoe kipande hicho bila kukivuta kiwe kirefu.

"Sijui, baba," nikasema. "Sumu niliyoiona mimi haifanani na hii. Daktari naye hakuona dalili yake. Lakini siwezi kuapa, kwa sababu sijui ni nini."

"Umepanda kutoka Moshi kuja kuniambia hujui?"

"Nimepanda kumgeuza, baba. Hilo najua."

Mzee Ombeni aliangalia huku na huku, kisha akachukua kopo lililokuwa na maji ya ndama, akasimika isale ndani, akaliegemeza ukutani mwa zizi. Halikupokewa wala halikukataliwa. Akaondoka.

Nilishuka siku hiyo nikijichukia. Msiniulize nilitembea vipi mpaka stendi. Nilikuwa na uhakika kwamba mtaalamu wa kweli angejua la kusema.

Sasa turudi kwenye mbwa, maana mbwa hangoji ugomvi uishe. Inafika siku ambapo kichwa kinainuka, kifua kinakaa, na mkiacha tu aendelee kulala, misuli haitarudi. Anatakiwa asimamishwe kila siku, nyayo ziguse chini, uzito kidogo umrudie. Kwa mbwa mzito tunatumia gunia. Chukueni gunia la kahawa, lile la katani, si la plastiki, maana la plastiki linateleza na kukata. Lipitisheni chini ya tumbo, mbele ya mapaja, mkiangalia lisibane sehemu za dume. Mmoja anashika ncha za upande huu, mwingine za upande ule, mnainua mpaka miguu inyooke lakini isining'inie. Mnasimama naye. Mnapumzika. Mnarudia.

Mtakuwa mmeona tatizo. Gunia linahitaji watu wawili, na Mzee Eliamani alikuwa mmoja.

Mimi nisingeweza kupanda kila siku. Nilimweleza hivyo, naye akasema atajua la kufanya. Alifunga ncha za upande mmoja kwenye mti wa mruka uliokuwa unatoa kivuli kwa kahawa, akashika upande wa pili mwenyewe. Gunia likapinduka, Soja akaangukia bega, na mzee akaangukia Soja. Aliniambia hayo kwenye simu yake ya kiswaswadu, ile ya vitufe, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Nilimwuliza kama ameumia. Akasema mbwa hajaumia. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu yule yule anayeishi hatua chache kutoka pale, na mimi nilijizuia kumtaja.

Nilipopanda tena kulikuwa na ukungu, manyunyu yameanza. Kabla sijafika zizini nilisikia sauti.

"Soja, mwambie huyo mwenzako asikuvute. Wewe si gunia la kahawa."

"Soja, mwambie kaka yangu mimi nainua. Yeye ndiye anayeshusha."

Nilisimama nyuma ya mgomba. Wazee wawili walikuwa wameinama, kila mmoja na ncha zake za gunia, mbwa mwekundu katikati anatetemeka kwa miguu minne. Hawakuwa wanaangaliana. Kila neno lilipita kwa mbwa kwanza. Sikuuliza nani alimwita nani, na mpaka leo sijaambiwa. Nilichoona ni kwamba upande wa Mzee Ombeni ulikuwa juu kidogo, mbwa amepinda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona jambo halijanyooka nikaliacha hivyo hivyo.

Kupona kwake hakukuwa kama mnavyoona kwenye video. Leo anasimama bila gunia, kesho hataki. Anapiga hatua mbili anakaa kama mlevi. Sauti ilirudi kabla ya miguu ya nyuma, na siku alipobweka bweka lake zito, Mzee Ombeni alilalamika kutoka mlangoni mwake kwamba sasa watu hawatalala. Wazee walikuwa wameanza kusemeshana, lakini habari za gunia tu: inua, shusha, ngoja. Isale lilikuwa bado kwenye kopo. Niliona lina mizizi myeupe, na maji yalikuwa yamebadilishwa.

Mzee Eliamani aliniuliza nitajuaje kwamba amepona. Nikamwambia usiangalie kutembea, mbwa anaweza kutembea kwa ujanja. Dume mgonjwa wa miguu hukojoa amechuchumaa kama jike, maana hawezi kubeba uzito kwa miguu mitatu. Siku atakayoinua mguu, nipigie. Akacheka, cheko lake la kwanza nililolisikia.

Wengi wenu mnafikiri niliacha kazi kwa sababu ya mbwa waliokufa. Hapana. Niliacha kwa sababu sikuweza kuzoea kuulizwa sababu na kukosa jibu. Kila mara ilinirudisha pale pale, kwenye kulitikisa geti nililokwisha kulifunga. Nilijua kutunza, lakini sikujua kulala baada ya kutunza. Nyie mnaweza kuwa tofauti. Kama mnaweza kusema sijui asubuhi, na mchana mkala ugali vizuri, basi kazi hii itawafaa kuliko ilivyonifaa mimi. Msijibu tu kwa kuogopa uso wa mtu. Wala msiseme sijui halafu mkaondoka. Semeni, kisha inameni mshike ncha ya gunia.

Mzee Eliamani hakunipigia. Alipiga Mzee Ombeni, kama mwanzo, akasema kaka anasema upande uje.

Nilikuta wamesimama mpakani, jembe limelala chini. Isale lilikuwa limepandwa kwenye mstari wa masale mengine, udongo bado mbichi kuzunguka shina. Mzee Eliamani alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali. Wakwe na wajukuu walikuwa wameanza kufika kwa ajili ya sikukuu, na kutoka upande wa Mzee Ombeni nilisikia mbuzi.

Soja alikuja kunilaki. Kiuno kilikuwa kinayumba, kucha za nyuma zinakwaruza chini. Hakuwa mbwa yule wa zamani, na nadhani hajawa mpaka leo.

"Sasa niambie, Manka," Mzee Eliamani akasema. "Ilikuwa nini?"

"Sijui, baba."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa chenji yake ikatimia. Soja alikuwa ameshatuacha. Alinusa udongo mpya, akazunguka lile isale, akasimama akiwa amepinda, na miguu yake mitatu ikatetemeka. Kisha akainua wa nne na kulikojolea.

Alimaliza, akaushusha mguu bila kuanguka.

"Naye amepokea," akasema Mzee Ombeni.